Suruali ya Miguu Sawa

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili mchana, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo wote wa dada, na kabla sijasema lolote nataka kujua: u mzima? Mgongo unaendeleaje? Usingizi unaupata? Unakula, au unakunywa chai na kujidanganya kwamba umekula? Nijibu moja moja. Usiniandikie "mimi mzima" halafu ukaruka, maana nakujua.

Sisi huku tuko salama kwa neema ya Mwenyezi Mungu. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishapata jua anatembea na kutukemea kama kawaida. Shemeji yako bado anaendesha basi la shule, bado anakoroma, na bado anakataa kwamba anakoroma. Cherehani yangu imebadilishwa mkanda, sasa inakimbia kuliko mwenyewe.

Barua yako niliipata nikamsomea Mama yote, isipokuwa pale uliposema mgongo unakuuma hata ukiwa umekaa tu kwenye kiti chako huko stoo. Hapo niliruka. Mama akaniangalia, akasema, "Umeruka kitu." Basi ikabidi nirudi nisome. Tangu siku hiyo katika sala ya jioni jina lako analitaja la kwanza, hata mimi niliye naye hapa nyumbani nasubiri zamu yangu.

Na ombi lako nimeliona: suruali mbili za kijivu, vipimo vile vile, mguu wa kushoto mfupi kama kawaida. Nitakujibu, usiwe na haraka. Kwanza nina habari, na imenijaa kifuani mpaka nimemaliza majirani wa kuwasimulia.

Ni habari ya binti yangu, mpwa wako Bisibisi. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, siku uliporudi ukakuta redio yako iko mezani matumbo nje, naye amekaa katikati ya vyuma kama fundi mwenye duka. Ulitaka kumchapa ukaishia kucheka, kwa sababu alipoifunga tena ilibaki nati moja mkononi mwake, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani. Nati ile anayo mpaka leo. Ameitunga pamoja na funguo zake.

Unajua kwamba anafanya kazi kwenye karakana ya hospitali, kule wanakotengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kushikilia mifupa. Usilolijua, kwa sababu alinikataza nisiseme mpaka kazi ikamilike, ni kwamba muda wote huu alikuwa anabuni upya ile fremu ya kurefushia mguu. Ile ile iliyokutesa wewe.

Sikukumbushi ili nikuumize. Mimi ndiye niliyekuosha vile vidonda, kwa hiyo ninayoyakumbuka si ya kusimuliwa. Ulipoanguka kutoka juu ya lori la magunia, mfupa uliunga vibaya na mguu ukabaki mfupi. Halafu wakakufunga lile dude ili wauvute. Zito kama geti! Goti halikunjiki, shuka linanasa, waya zilizopenya mpaka mfupani zinatoa usaha, na spana ya kuzungushia nati utadhani ya malori. Wakipiga picha, chuma kinauficha mfupa, daktari anabaki kukisia. Mpaka ukawaambia wakufungue, ukasema hutaki tena chuma mguuni mwako maisha yako yote. Hakuna aliyekulaumu. Watoto wa mtaani wakakuita Panda-Shuka, ukacheka nao, halafu ukaenda kutafuta kazi mbali, mahali ambapo hakuna anayekuita hivyo. Na mimi nikaanza kukata suruali zako mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, ili pindo liangukie kiatu sawasawa na watu wasiangalie chini.

Bisibisi amekua akiziona suruali hizo mezani kwangu. Hakuwahi kuuliza.

Sasa nikuambie fremu yake ilivyo. Pete zake si za chuma tena. Ni nyuzi maalumu zilizogandishwa kwa gundi, nyeusi na ngumu, lakini nyepesi ajabu. Siku ya kwanza aliponipa niishike niliinyanyua kwa nguvu nikidhani nanyanyua kitu, nusura niitupe darini. Picha ya eksirei inazipenya, mfupa unaonekana wote. Pete ya karibu na goti ameiacha wazi kwa nyuma, kama kiatu cha farasi, ili goti likunjike na mtu akae kwenye kiti kama watu wengine. Kingo zote amezilainisha zisinase shuka. Wagonjwa wanaiita bangili, na wodini ukiuliza mwenye bangili yuko wapi unaonyeshwa kitanda.

Kazi yenyewe ni ile ile uliyoijua. Daktari anakata mfupa kwa uangalifu, anafunga pete juu na chini ya alipokata, na katikati ya pete kuna fimbo nyembamba zenye vichwa vya kuzungusha. Kila siku unazungusha kidogo, kidogo ambacho macho hayaoni. Mwanya unafunguka, na mwili unaujaza kwa mfupa mpya. Mdogo wangu, nilipoelezwa hilo kwa mara ya kwanza na kulielewa, niliweka sindano chini. Kumbe Mungu ameuumba mfupa ukiuvuta taratibu unakufuata! Miaka yote nilidhani kinachovutika ni kitambaa peke yake.

Mgonjwa wa kwanza kufungwa bangili alikuwa mama mmoja mwoka mikate. Sisi tunamwita Mama Mikate. Aligongwa na pikipiki, mfupa ukaunga vibaya kama wako, mguu ukawa mfupi kama wako. Daktari mkuu wa mifupa ndiye aliyemfunga. Yeye wagonjwa wanamwita Nyundo, kwa sababu ya zana anazoingia nazo chumba cha upasuaji, na mwenyewe ukimwita hivyo anaitika. Mimi mchango wangu ulikuwa suruali: pana, imepasuliwa ubavuni kutoka kiunoni hadi chini, na vifungo vya kubana, mgonjwa aivae bila kuipitisha juu ya pete. Usicheke. Wodini sasa wananisubiri mimi kuliko chakula.

Mwanzoni, alipokuwa wodini akizungushiwa na wauguzi, mambo yalikwenda vizuri. Halafu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, picha zikaanza kuonyesha mwanya uko pale pale. Picha nyingine, pale pale. Nyundo hakupiga kelele. Alimwita Bisibisi ofisini, akamwambia kwamba picha inayofuata ikiwa hivyo hivyo ataifungua bangili na kurudisha fremu ya zamani, kwa sababu mfupa ukichoka kusubiri utajifunga, na mguu wa mtu hauwezi kukaa kwenye majaribio. Alisema kweli. Ndiyo maana iliuma. Na pale karakana wapo waliokwisha kuanza kunong'ona kwamba kitu chepesi hakiwezi kazi nzito.

Mtoto alirudi nyumbani akakaa kwenye benchi langu, akashika mkasi, akaurudisha. Chakula alikizungusha kwenye sahani. Shemeji yako akajaribu kumchekesha, hakuna kitu. Niliingia chumbani nikapiga magoti nikamwambia Mungu waziwazi: sikuombi sifa, wala usimpe cheo. Nakuomba tu usiache mama yule arudishwe kwenye dude, na usiache binti yangu aamini kwamba alichokifanya miaka yote ni mchezo wa redio.

Kesho yake alisema anakwenda kwa Mama Mikate nyumbani, aone mwenyewe. Nikasema na mimi nakwenda, nina suruali ya kupeleka. Suruali haikuwa hata na pindo. Nilimaliza kuishona njiani, kwa mkono.

Wanaishi nyuma ya tanuri lao. Chumba kidogo, safi, ila kila kitu kimeshika unga, mpaka kioo cha ukutani. Mama Mikate alikuwa amekaa kitandani mguu umenyooka mbele, na mumewe akatoka tanurini na unga mpaka kwenye nyusi. Bisibisi akauliza nani anazungusha vichwa.

"Asubuhi mimi, jioni yeye," Mama Mikate akasema. "Na hatujaruka hata siku moja. Huyu hata mikate ikiungua anaiacha, anakuja kunizungushia."

"Haijawahi kuungua," mume akasema.

"Ya juzi ilikuwa nini? Mkaa?"

"Ile ilikuwa imekolea."

Bisibisi akawaambia, "Nionyesheni. Mama, fanya kama asubuhi. Baba, fanya kama jioni. Msizungushe, wekeni vidole tu."

Wote walikuwa wamefundishwa hospitalini kwamba kichwa kinazungushwa kufuata mshale wa saa. Mama Mikate akainama kutoka alipokaa, akiangalia mguu wake kutoka juu, akachora kwa kidole: kama mshale wa saa, sawasawa. Mume akavuta debe la unga, akakaa upande wa nyayo, uso kwa uso na mkewe, akachora naye: kama mshale wa saa, sawasawa.

Mimi sikuona kitu. Bisibisi akaziba mdomo kwa mkono.

"Baba," akasema, "hebu njoo ukae upande wa mama."

"Kitandani? Na unga huu?"

"Thubutu!" Mama Mikate akasema. "Mashuka yamefuliwa leo."

Basi akasimama nyuma ya bega la mkewe, akanyoosha mkono juu yake, akachora tena mshale wa saa. Safari hii kidole chake kikaenda kinyume na kilivyokwenda alipokuwa kwenye debe. Mwenyewe akakiangalia kidole kama si chake.

"Kwa hiyo jioni zote zile," akasema polepole, "mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa unafumua!" Mama Mikate akapiga kofi godoro, unga ukaruka. "Mimi nasuka, yeye anafumua! Na ndoa yetu nzima ni hivi hivi!"

Mdogo wangu, tulicheka mpaka yule baba akakaa chini sakafuni. Alikuwa anacheka huku machozi yanachora njia kwenye unga, maana alimpenda mkewe na alikuwa ametii kila alichoambiwa, jioni baada ya jioni. Bisibisi alimshika mkono akamwinua. Akamwambia, "Baba, hukukosea. Ninyi wote mmefanya sahihi. Aliyekosea ni mimi, nimetengeneza kichwa kinachokubali kwenda kokote." Hapo ndipo nilipomwona binti yangu mkubwa. Angeweza kusema ni wagonjwa hawaelewi, na hospitali nzima ingemwamini.

Alirudi moja kwa moja kwa Nyundo akamweleza, na Nyundo akampa nafasi: mume na mke wakae upande mmoja, wazungushe, na picha ipigwe. Mwanya ukafunguka. Lakini Bisibisi hakutosheka na hilo. Alitengeneza vichwa vipya vyenye meno ndani. Ukizungusha kwenda mbele kinakwenda, na kinagonga, tik. Ukijaribu kukirudisha, kinakataa, hata ukae upande gani, hata uwe umechoka kiasi gani. Wazo la mlio lilikuwa la Nyundo, alisema hata mtu asiyeona aweze kujizungushia mwenyewe. Na ufunguo pekee wa kurudisha nyuma anao Nyundo, mfukoni, pamoja na pipi zake.

Sasa ndiyo nafika kwenye raha yangu. Ijumaa iliyopita hospitali ilialika madaktari na mafundi kutoka hospitali nyingine waje waione bangili. Ukumbi ulijaa. Mama Mikate alikwishafunguliwa kitambo, na alikuja na miguu yake miwili, hana gongo, amevaa viatu vya soli sawa. Nyundo alipotaka kuonyesha vipimo ukutani, Mama Mikate akainua mkono.

"Daktari, samahani. Yupo fundi cherehani hapa. Futi ya fundi haina undugu na mtu. Anipime yeye."

Basi nikatoa futi mkobani. Nikapiga goti mbele ya wasomi wote wale, nikampima kutoka nyonga hadi kifundo, kulia, halafu kushoto. Ilikuwa sawa. Nikapima tena. Nikapima tena, wala si kwa shaka, kwa utamu tu, mpaka Mama Mikate akaniuliza kama namshonea suruali au naitafuta njia ya kwenda mjini. Ukumbi ukacheka, halafu wakapiga makofi, na hayakuisha upesi.

Nyundo akasema mbele ya wote, "Mimi kazi yangu ni kugonga, ya huyu binti ni kuzungusha. Tukiachana, mgonjwa atabaki vipande." Sasa bangili itatumika hospitalini kwetu kwa kila anayehitaji, na mafundi wa kwingine wanakuja kujifunza kwake. Kwake, mwanangu! Alikuwa amesimama kando anaangalia sakafu, anazungusha ile nati ya redio yako kwenye funguo. Mimi nililia. Shemeji yako naye macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Kwenye ukumbi, tena uliopigwa deki asubuhi ile.

Usiku nilimshukuru Mungu mpaka nikasinzia katikati ya sala, naye najua hakuchukia.

Sasa sikiliza neno langu la mwisho, na ulisome taratibu.

Barua yako ilipokuja, Bisibisi aliisoma pale kwenye mgongo. Alimwuliza Nyundo, naye akasema mgongo wa mtu anayetembea juu na chini miaka yote lazima udai, na utazidi kudai. Kisha mtoto akaja chumbani kwangu, akalitoa ukutani lile karatasi la kukatia suruali zako, akalitandaza mezani, akauweka mguu mmoja wa karatasi juu ya mwingine. Akapitisha kidole kwenye ile tofauti. Akasema, "Hii tunaiweza."

Akaniambia pia nisikulazimishe. Alisema mguu ni wa mjomba, na aliyeteseka ni mjomba. Kwa hiyo sikulazimishi. Wala sikudanganyi: inauma, hasa mwanzoni. Inachukua miezi. Waya zinahitaji kusafishwa kila siku, na zipo siku utanitukana moyoni, na ninakusamehe kabisa kuanzia sasa. Nyundo atakuona kwanza na kukupiga picha, na akisema haiwezekani tutamshukuru Mungu na kula chakula pamoja, nawe utakuwa umemwona Mama. Lakini goti lako litakunjika. Shuka halitanasa. Kila jioni utasikia tik, na utajua kwamba hakuna anayekufumua.

Chumba chako kipo. Kitanda nimekigeuza kielekee dirishani, uone barabara. Omba ruhusa kazini. Usinijibu ndiyo kwa kunifurahisha, na usinijibu hapana kwa hasira ya zamani. Mwombe Mungu, ulale, kisha uniandikie.

Kuhusu suruali: moja nimempa dereva anayekuletea barua hii. Ni ya kijivu, mguu wa kushoto mfupi kama ulivyoagiza, maana siwezi kukuacha uchi kwa sababu ya matumaini yangu. Ya pili pia nimeimaliza. Hiyo nimeikata miguu yote miwili sawa. Mkasi ulipofika kushoto ulitaka kugeuka, mkono ulikuwa umezoea kukata mapema, lakini niliupeleka mpaka chini. Hiyo siitumi. Inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chako, imepigwa pasi.

Mama anakusalimu na kukubariki, anasema ule. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija utalala mbali na chumba chetu kwa usalama wa masikio yako, kwa hiyo leo angalau amekiri. Bisibisi anamsalimu mjomba wake, anauliza kama unaihitaji nati yako. Mama Mikate, ambaye hamjaonana, anakutumia salamu pia na ameahidi mkate usioungua.

Mwenyezi Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, aushike mgongo wako kwa mkono wake, na akuongoze hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi dada yako, fundi wako wa suruali, akupendaye na kukungoja.